Billie Holiday wa miaka ya 1950: mkusanyiko upi ununue kwanza

Kabla ya kulinganisha bei, jua kwanza nani anamiliki nini. Kuanzia 1952 hadi 1957 Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alirekodi studioni kwa mtayarishaji Norman Granz, kwenye lebo ya Clef na baadaye Verve. Februari 1958 alikwenda lebo ya Columbia kurekodi albamu ya Lady in Satin. Machi 1959, miezi minne kabla ya kifo chake, aliingia studio kwa mara ya mwisho, safari hii kwa MGM. Baadaye MGM iliinunua Verve, na leo zote mbili ziko chini ya Universal, wakati Columbia ni mali ya Sony. Ndiyo maana mkusanyiko rasmi wa Verve unaweza kuwa na nyimbo za 1959 lakini ukakosa kabisa Lady in Satin. Huo si upungufu wa mkusanyaji, ni suala la haki za kumiliki rekodi, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta CD moja rasmi yenye kila kitu.

Kwa watu wengi, cha kununua kwanza ni Lady in Autumn, CD mbili zilizotolewa na Verve mwaka 1991. Zinaanza na rekodi za jukwaani za 1946 na kuishia 1959, kwa hiyo unasikia sauti ikibadilika: inashuka, inakwaruza, na pumzi inakuwa fupi. Hasara yake ni ile ya kila mkusanyiko wa "bora zaidi": nyimbo zilizorekodiwa siku moja na bendi moja zimetawanywa, na kwa mwimbaji huyu bendi ni nusu ya utamu.

Kwa sababu hiyo, anayejua tayari kwamba anampenda airuke hiyo na aende moja kwa moja kwenye nafasi ya pili, ambayo kwa sikio letu ndiyo muziki bora zaidi wa kipindi hiki: rekodi za Januari 1957 zilizofanyika Los Angeles. Ben Webster yupo kwenye saksafoni ya tenor, Harry Edison kwenye tarumbeta, Jimmy Rowles kwenye piano na Barney Kessel kwenye gitaa. Holiday hakuwa tena na noti za juu, lakini bendi ndogo inamwachia nafasi ya kuchelewa nyuma ya mdundo, na Webster anajibu pale tu mwimbaji anaponyamaza. Hapa kuna mtego wa ununuzi. Santuri asilia ya Songs for Distingué Lovers, albamu iliyotokana na rekodi hizo, ina nyimbo sita tu; CD ya 1997 ina kumi na mbili. Bei zikikaribiana, hesabu nyimbo nyuma ya kava. Ukitaka zaidi, CD mbili za Verve ziitwazo All or Nothing at All zinakusanya kazi za 1956 na 1957.

Lady in Satin inunue ya tatu, tena peke yake. Ray Ellis alimwandalia okestra yenye fidla nyingi na waitikiaji, na sauti iliyochakaa imewekwa mbele kabisa. Wapo wanaoiona kilele chake, wapo wasioweza kuimaliza. Kwa anayemsikia mara ya kwanza si mlango mzuri, kwa sababu hatajua nini kimepotea. Santuri ya mono (sauti ya njia moja) ina nyimbo 12. Ya stirio (njia mbili) ilitoka na 11, ikikosa The End of a Love Affair. CD ya 1997 inao wimbo huo pamoja na majaribio ya ziada ya kurekodi. Toleo la 2015 la CD tatu limejaa majaribio ya studio na linamfaa mtafiti kuliko msikilizaji wa jioni.

Sanduku la CD kumi, The Complete Billie Holiday on Verve 1945–1959, ni hazina, lakini lina mazoezi na maongezi ya 1955 akiwa na Rowles ambayo wengi watayasikiliza mara moja tu. Ukilipata la mkono wa pili, omba picha ya kila CD kwa upande unaong'aa na uhakikishe kitabu kipo; bila kitabu hutajua nani anapiga wapi.

Mwisho kabisa ni masanduku ya bei nafuu kutoka Ulaya. Ni halali huko, maana haki za rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zimekwisha muda. Tatizo ni chanzo: mengi hayasemi sauti imetolewa kwenye utepe gani, na baadhi husikika kama santuri iliyosafishwa kupita kiasi, matoazi yakiwa yamefifia. Tatizo kubwa zaidi ni tarehe. Strange Fruit aliirekodi 1939, akairudia 1956; God Bless the Child ni 1941, kisha 1956. Kava linaweza kuandika "miaka ya mwisho" na ndani ukakuta zile za zamani. Dalili ya haraka ni muda: santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu, hivyo wimbo wa dakika tano si wa 1939. Mfupi hauthibitishi chochote. Hapo soma majina ya wapigaji. Kava lisilo na tarehe wala majina, liache dukani.

Kwa santuri za zamani, epuka zilizoandikwa kwamba ni stirio iliyotengenezwa kielektroniki kutoka mono: sauti huwa na mwangwi na mwimbaji hana mahali pa kukaa. Iinamishe santuri chini ya taa. Mikwaruzo inayokatiza mifereji hutoa mlio wa kurudiarudia, ilhali weupe hafifu ndani ya mifereji ni dalili ya sindano iliyochakaa, na huo hakuna kuosha kutakakouondoa. Ukisikiliza mtandaoni, mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo jipya, si wa kurekodiwa.