Seti ya kupika bia ya Krismasi yenye viungo nyumbani: uzoefu wangu, na kwa nini usimwage kipakiti chote cha viungo

Kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa, seti ni nzuri na nimeipa nyota nne kati ya tano. Bia inayotoka ni nzito, rangi nyekundu inayokwenda kwenye kahawia, harufu ya sikukuu kabisa, na hata kama hujawahi kupika bia maishani unaweza kuifuata mpaka mwisho. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya viungo na hapo ndo nitakaa sana, maana kwenye bia ya aina hii viungo ndo kila kitu.

Mimi hizi bia za msimu nazipenda mno na napenda historia yake pia. Huko Norway kwenye sheria za kale za Gulating (baraza lao la zamani) mkulima alikuwa analazimishwa kupika bia ya Krismasi, inabarikiwa kwa Kristo na Maria kuomba mwaka mwema na amani, na asiyepika anatozwa faini, hebu fikiria! Waingereza nao walikuwa na bia ya sikukuu inaitwa wassail, inanywewa ya moto na ndani kuna sukari, kungumanga, tangawizi na matufaha ya kuchoma. Bavaria huko Ujerumani ndo walibana mwaka 1516 wakasema bia ni shayiri, hopsi (maua yanayotia bia uchungu) na maji basi, kwa hiyo hii ladha ya viungo utaikuta zaidi kwa Wabelgiji na Waingereza, halafu Marekani kampuni ya bia ya Anchor ya San Francisco kuanzia 1975 mpaka 2022 walikuwa wanatoa ya Krismasi kila mwaka na kila mwaka walikuwa wanabadilisha mapishi. Seti niliyonunua imefuata njia hiyohiyo ya bia nzito yenye mdalasini na wenzake.

Sasa ndani unakuta sharubati nzito ya kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa), kimfuko cha nafaka za kimea zilizokaangwa, hopsi za vidonge kwenye pakiti isiyopitisha hewa, hamira ya bia (sio ya mkate jamani, hamira ya mkate weka pembeni), sukari ya kuleta gesi, visoda na kipakiti cha viungo. Inatoa lita 19 hivi, ukitoa zinazobaki na mashapo unapata kama chupa 50 ndogo. Ndoo ya kuchachushia na haidromita (kifaa cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia) havimo, unanunua mwenyewe. Hamira ilikuwa na tarehe ya mwisho imeandikwa vizuri na bado iko mbali, hicho kitu nakiangalia kabla ya kingine chochote kwa sababu hamira iliyochoka itakuharibia kazi yote.

Kupika kwenyewe kijitabu kimeeleza vizuri sana na nawapongeza. Nafaka unaziloweka kwenye maji ya nyuzi 65 mpaka 70 kama nusu saa, usiziache zichemke zitatoa ukakasi, unatoa mfuko, unazima jiko kabisa ndo unamimina sharubati huku unakoroga maana inazama chini inaungua, halafu unawasha tena inachemka saa nzima. Hopsi za uchungu zinaingia mwanzoni kwa sababu uchungu unatoka kwa kuchemka muda mrefu. Mpaka hapo safi.

Tuje kwenye viungo. Kijitabu kinasema mwaga kipakiti chote zikiwa zimebaki dakika 15 za kuchemsha, na kipakiti ni unga uliochanganywa tayari, mdalasini, tangawizi, kungumanga, ganda la chungwa na karafuu, na ukinusa tu unajua karafuu ndo imetawala. Mimi sikukubali. Karafuu ina mafuta yanaitwa eugenol, ndo ileile inayotia ganzi kwenye jino, kwa lita 19 karafuu nzima tatu au nne zinatosha kabisa, ukizidisha hapo unakunywa dawa ya meno na mdalasini wote umepotea. Na jambo lingine ni muda, harufu ya viungo ni mafuta yanayoruka na mvuke, ukichemsha sana harufu inaondoka unabaki na ukali. Kwa hiyo nilitia nusu ya kipakiti kwenye dakika tano za mwisho, nusu nyingine nikailoweka kwenye vodka ndani ya kichupa kilichofungwa.

Hiyo njia ya vodka nawaomba kila mtu aijaribu. Unaloweka siku kadhaa, unachuja, siku ya kujaza chupa unachukua bia kipimo kidogo unachokijua, unadondosha tone moja moja huku unaonja, ikifika pale unapopapenda unapiga hesabu ya ndoo nzima. Kiungo kikipungua unaongeza ila kikizidi hakitoki tena, na bia hii inataka mtu aitafute kama anavyotafuta chumvi kwenye mchuzi. Kungumanga na ganda la chungwa ndo vilifaidika zaidi, vilitoka wazi kabisa puani. Kampuni ingetuwekea viungo vizima, kila kimoja na kimfuko chake, ningetoa nyota tano bila kufikiria, tena unga una shida nyingine, unajaa kwenye mashapo na kuchuja ni kazi.

Kuchachusha hakuna maneno mengi. Poza haraka mpaka chini ya nyuzi 20, osha kila kinachogusa bia kwa dawa ya kuua vijidudu, tia hamira, kaa kwenye nyuzi 18 mpaka 20. Haidromita ilianza 1.066 ikaishia 1.016, yaani kilevi karibu asilimia 6.5. Lakini hapa pia kijitabu hakijakaa sawa, kinasema baada ya wiki moja unaweza kujaza chupa, hapana, bia nzito hivi ipe wiki mbili na usitegemee kuangalia mapovu kwenye kizibo cha kutolea gesi, pima, kipimo kikiwa kilekile kwa siku tatu ndo ujaze, la sivyo chupa zinaweza kupasuka na kioo kinaumiza watu. Sukari ya gesi gramu 115 walizoweka kwa lita 19 ni sahihi kabisa.

Na uvumilivu jamani. Chupa za mwanzo zilipopata gesi ladha ilikuwa bado imegawanyika, karafuu upande wake, kimea upande wake, kilevi kinachoma kidogo kooni, mtu asiyejua angesema bia mbovu. Zilizokaa zaidi ya mwezi zikawa kitu kingine kabisa, viungo vimetulia ndani ya utamu wa kimea na ule mchomo umeondoka. Kwa hiyo kama unaitaka Krismasi pika mapema, mwisho Oktoba, ukinunua seti Desemba mwanzoni basi hiyo ni ya mwaka mpya tena mbele kabisa.

Nitaagiza tena seti hii, ila mdalasini wa vijiti, karafuu na kungumanga nitanunua pembeni vikiwa vizima na kipakiti chao nitakiacha. Na ukiifungua usiinywe ya baridi kali, baridi inaua harufu yote uliyohangaikia, nyuzi 10 mpaka 13 inatosha, mimina polepole kwa mkupuo mmoja na mashapo yabaki chini ya chupa.