Virginia au Massachusetts: ungehamia wapi mwaka 1650?

Tuseme ni mwaka 1650, wewe ni kijana wa Kiingereza, mfukoni huna kitu. Upande meli ya Virginia au ya Massachusetts, makoloni mawili ya Waingereza huko Amerika Kaskazini?

Virginia ni tumbaku. Nauli analipa mwingine, nawe unamtumikia miaka minne hadi saba. Joto, vinamasi, malaria, kuhara damu. Wengi walizikwa kabla mkataba haujaisha. Wanawake ni wachache, kwa hiyo hata kuoa ni bahati. Mashamba yametawanyika kando ya mito, shule ni za kutafuta.

Massachusetts watu walihamia na familia nzima. Baridi kali na udongo wa mawe, lakini watu waliishi hadi kuwaona wajukuu. Chuo cha Harvard kilianzishwa 1636, na sheria ya 1647 ilitaka kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu. Gharama yake? Kanisa linakuchungulia hadi jikoni. Mary Dyer, muumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo lililopigwa marufuku huko, alinyongwa Boston mwaka 1660 kwa kurudi baada ya kufukuzwa.

Mimi ningekwenda Massachusetts, nikafunga mdomo.

Ila swali lenyewe ni la Mzungu. Waafrika waliotekwa Angola na kushushwa Virginia mwaka 1619 hawakuulizwa. Na mwaka 1662 sheria ya huko ikaamua mtoto afuate hali ya mama, mtumwa azae mtumwa. Massachusetts nayo, pamoja na sala zote zile, iliruhusu utumwa kisheria tangu 1641. Na wenyeji wa asili, Wapowhatan kule Virginia, Wawampanoag huku Massachusetts, wote walinyang'anywa ardhi.