Tahadhari: Antivairasi ya bure inauzwa Darajani kwa shilingi 35,000

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Ninawatahadharisha wenye kompyuta za nyumbani kuhusu fundi mmoja wa maeneo ya Darajani, ambaye jina lake sitalitaja, anayeuza kwa shilingi 35,000 antivairasi, yaani programu ya kuikinga kompyuta na virusi, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila ya malipo, na ambaye akimaliza kazi yake anaiacha kompyuta ikiwa dhaifu kuliko alivyoipokea.

Nilimpelekea kompyuta mpakato ambayo watoto huitumia kwa kazi za skuli, baada ya flashi iliyotoka kwenye duka la fotokopi kuficha mafolda yote na kuacha njia za mkato (shortcuts) tu. Nilimwambia kwamba nataka kwanza kujaribu antivairasi ya bure. Alicheka, akasema ya bure haikamati kitu, akachomeka flashi yake, na baada ya dakika tatu akanionesha kioo chekundu kilichoandikwa kwamba vimepatikana vitu 214 vya hatari. Niliingiwa na khofu, nikalipa. Risiti hakunipa, na mimi kwa kuona haya sikuidai. Nyumbani niliifungua orodha ile ya 214 nikakuta karibu yote ni vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili zimkumbuke mtumiaji, na ambavyo si virusi hata kidogo.

Siku ya 31 programu iliandika kwamba muda wa majaribio umekwisha. Kumbe ile “leseni ya mwaka” ilikuwa ni toleo la majaribio la siku 30, ambalo kampuni yenyewe humpa kila anayelitaka. Niliporudi, fundi alidai shilingi 20,000 nyengine za “kuihuisha”.

Hapo niliiondoa programu hiyo, na Microsoft Defender, antivairasi ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012 na haina malipo, ikarudi kazini yenyewe. Nilidhani yamekwisha. Hata hivyo nilitaka kuhakikisha, nikatumia faili la EICAR, ambalo ni mstari mmoja wa alama 68 usio na madhara yoyote, uliotengenezwa makusudi ili antivairasi iutambue kana kwamba ni kirusi na mtu aweze kuupima ulinzi wake. Niliuandika kwenye Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya Windows, nikauhifadhi. Kimya. Nikamwomba shemeji yangu aliyeko Wete afanye vivyo hivyo kwenye kompyuta yake, na faili lake likakamatwa papo hapo.

Sababu niliikuta ndani ya Windows Security, yaani sehemu ya Windows inayosimamia ulinzi, kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, mwisho kabisa wa ukurasa, penye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Palikuwa na kitu kimoja tu: C:\. Diski nzima! Bila ya shaka alifanya hivyo ili Defender isimkamatie programu za wizi, yaani zisizo na leseni halali, alizokuja nazo kwenye flashi, kisha hakujishughulisha kurejesha. Hilo limeniudhi kuliko hizo fedha, kwa sababu mlinzi anaonekana yupo mlangoni, alama ya kijani inawaka, na kumbe ameamrishwa asiangalie chochote.

Anayetaka antivairasi nyengine ya bure, Avast, AVG na Bitdefender zote zina matoleo yasiyo na malipo, na huchukuliwa kwenye tovuti za kampuni zenyewe, si kwenye flashi ya mtu. Achague moja tu, kwani mbili zikikaa pamoja hugombana na kuifanya kompyuta kuwa nzito.

Kama umewahi kumpelekea kompyuta yako, ifungue orodha hiyo leo, futa kila usichokiweka wewe, kisha fanya ukaguzi kamili hata ukichukua saa kadhaa. Neno la siri la barua pepe libadilishe ukitumia kifaa chengine, si kompyuta hiyo hiyo.