GPS ya mkononi kwa chombo cha uvuvi: fungua mlango wa betri kabla hujatoa pesa

Msimu huu malalamiko yaliyonifikia ni ya aina moja. Mwenye chombo wa Tumbe, mwengine wa Kojani ambaye vijana wake walikuwa dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, na shoga yangu wa Nungwi: wote walinunua GPS mpya, kifaa cha kuonyesha chombo kiko wapi baharini, wote waliambiwa haiingii maji, na zote zimezima baharini. Nikaomba nizitizame. Kwa nje zilikuwa nzima, kioo safi, vitufe vinabonyea. Nilipozigeuza mgongo na kufungua mlango wa betri, nikakuta springi zimeota kutu ya kijani. Katika ule mpira mwembamba unaozunguka mlango mlikuwa na unywele na chembe za mchanga. Maji ya chumvi yalipita hapo.

Kwa hiyo sitakuchosha na ukubwa wa kioo, rangi za ramani wala idadi ya setilaiti. Usahihi nao usikusumbue. Tangu Marekani ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS, Mei 2000, kifaa chochote cha maana kinakufikisha mita chache tu kutoka pointi uliyoiweka, yaani alama ya pahala uliyoihifadhi ndani yake, na hizo zinatosha kutia nanga juu ya mwamba.

Mimi natizama mlango. Muuzaji atakuonyesha maandishi ya IPX7 kwenye boksi na kukwambia umemaliza. Maana ya maandishi hayo ni kwamba kifaa kimejaribiwa kuzamishwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 1, kwa dakika 30, mlango ukiwa umefungwa barabara. Hakikujaribiwa saa nane usiku katika Mkondo wa Pemba, bahari iliyo baina ya Pemba na bara, chombo kinayumba, kijana ametoka kuvuta mshipi na mikono yake imejaa chumvi, tochi ameibana kwa meno, anabadilisha betri. Na betri zetu hubadilishwa hivyo hasa. Tone la maji ya bahari likibaki ndani, umeme wa betri zenyewe unaiharakisha kutu. Baada ya siku chache kifaa kinaanza kuwaka na kuzima, halafu hakiwaki tena, na pointi za miamba alizozikusanya nahodha miaka na miaka zimefungiwa humo ndani.

Ndiyo maana saa za betri ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Betri ikidumu, mlango haufunguliwi ovyo.

Ukiwa dukani, chukua kipande cha karatasi chenye upana wa kidole. Kilaze juu ya mpira, funga mlango, zungusha kile kipete cha mgongoni mpaka mwisho, kisha vuta karatasi. Ikichomoka bila kugoma, mpira haukamati. Fanya hivyo pembe zote nne. Muuzaji akikukatalia, mrudishie kifaa chake na uondoke.

Chaguo langu la kwanza ni Garmin GPS 73. Sifichi kwamba mimi ni mtu wa kampuni hii ya Garmin, kwa kupenda vifaa vyake: manahodha wengi ninaowajua wanazijua menyu zake hata gizani, na kijana akihama chombo hana haja ya kufundishwa upya. GPS 73 inaelea, hata ikiwa na betri zake ndani. Ikimponyoka mtu wakati wa kupanda chombo, ataiokota. Kioo chake hakina rangi, lakini kinasomeka vizuri juani. Inatumia betri mbili za AA, hadi saa 18, yaani usiku mzima wa kuvua bila mtu kugusa mlango, na inahifadhi pointi 1,000. Ile ya zamani, GPS 72H, nayo inaelea na bado inapatikana kwa mtumba. Inachukua pointi 500, na kwa mvuvi wa mshipi zinatosha sana. Tatizo lake ni umri: mpira ukishakauka na kupasuka hauzuii kitu, na mpira wa badala mimi sijaukuta duka lolote la hapa.

Ya pili ni Garmin eTrex SE, ya mwaka 2023. Wengi watashangaa kuiona juu hivi, kwa sababu haielei. Lakini jozi moja ya betri hufika saa 168, wiki nzima. Kwa vijana wanaokwenda dago hilo ni jambo kubwa: mlango unafungwa nyumbani, mezani, kwa mikono mikavu, na haufunguliwi tena mpaka warudi. Basi ifunge kipande cha boya la nyavu kwa kamba fupi, na uijaribu kwenye ndoo kabla haijapanda chombo. Mkondo wa Pemba una pahala panapokaribia kina cha mita 800. Huko hakuna mzamiaji wa kukurudishia kitu.

Garmin GPSMAP 79s ni nzuri kuliko zote kwa kioo: kikubwa, cha rangi, na kifaa chenyewe kinaelea. Betri zake hufika saa 19, kwa hiyo kwa upande wa mlango hujapata kitu zaidi ya GPS 73, na bei imepanda. Pesa hiyo ya ziada mimi ningewanunulia vijana majaketi ya kuokolea. eTrex 10 na 22x zinafika saa 25 na zinazama. Nimezitaja kwa sababu zimejaa madukani.

Simu ndani ya mfuko wa plastiki iwe akiba tu. Vile vifaa visivyo na jina, achana navyo.

Betri nazo: nunua alkalaini za kweli. Zile rahisi zinachoka upesi na zinavuja, na uchafu wake unakula springi kama chumvi inavyokula. Hata alkalaini zikivuja, futa springi kwa pamba iliyoguswa siki kidogo, kisha kausha kabisa. Chombo kikirudi, kifaa kisuuzwe kwa maji ya kisima mlango ukiwa umefungwa, kikauke, ndipo kifunguliwe. Mpira ufutwe kwa kitambaa safi. Usiupake mafuta ya nazi wala vaselini, maana mafuta mengine huuvimbisha mpira.

Sasa wauzaji. Unaona picha mtandaoni, unauliza bei, unajibiwa njoo inboksi. Ukenda inboksi unaulizwa uko wapi, na ukisema Pemba bei inapanda, ati usafiri, kumbe boti yenyewe nauli ya kifurushi unailipa wewe. Ukenda dukani mjini unaambiwa boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Garanti ni ya mdomo. Risiti inaandikwa "kifaa cha elektroniki" bila jina wala namba, ili ukirudi usiwe na la kudai. Wanamuuzia mtu anayekwenda kulala baharini kana kwamba wanamuuzia saa ya mapambo. Mwenye chombo anakatwa pesa mara mbili: anaponunua, na vijana wanaporudi na dumu la mafuta limekwisha na samaki hakuna.

Kama una ndugu Muscat au Dubai, muagize yeye. Mwambie kabla hajalipa akutumie picha ya mgongo, mlango ukiwa wazi, karibu kiasi cha kuuona mpira wote, na risiti iandikwe jina la kifaa na namba yake.