Halmashauri au kampuni binafsi baada ya uzamili wa mipangomiji?

Aliyemaliza uzamili wa mipangomiji Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni halmashauri. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji, kwa hiyo michoro ya mitaa na maombi ya kubadili matumizi ya viwanja hupita mezani kwake. Mshahara una uhakika. Fedha za upimaji ndizo zinazosuasua.

Ya pili ni kampuni, ambayo humtupa kazini mtaani mapema, hasa kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango. Hapo ataketi na mwenyekiti wa mtaa, kamati na wenye nyumba, akimsihi mmoja arudishe ukuta nyuma mita moja ili gari la zimamoto lipite. Kazi ngumu mno, na yenye mafunzo kuliko zote! Ila wananchi wasipochangia, mradi unasimama na malipo yake pia.

Mimi ningeanza na kampuni, kisha halmashauri. Waliokuwa wanafunzi wakizunguka na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, kuanzia 2015, wakichora mitaro na nyumba kwenye maeneo ya mafuriko, walishaonja kazi ya mtaani kabla ya kuajiriwa.