Pincho za Donostia: cha kuagiza na cha kuacha kaunta

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua chakula cha baa za Parte Vieja, mji mkongwe wa Donostia, ambao kwa Kihispania ni San Sebastián, kaskazini mwa Uhispania. Kwenye ubao mtaona neno pintxo, yaani kitafunio kidogo cha baa. Tamka pincho, tx ya Kibaski, lugha ya wenyeji, ni ch yetu.

Kosa la kwanza hutokea mlangoni tu. Umeingia, kaunta imejaa vipande vya mkate vyenye samaki, kamba na mayai, vingi vimechomwa kijiti. Unapewa sahani kubwa, nawe unaijaza. Usifanye hivyo. Mkate uliobeba kitoweo tangu mchana hulowa na kulegea, na bili inapanda kabla hujaonja kitu cha maana. Wenyeji hula pincho moja au mbili wakiwa wamesimama, na kinywaji kidogo, kisha wanahamia baa ya jirani, kwa sababu kila baa ina kitu chake inachokijua kuliko wenzake. Soma ubao wa ukutani: huko ndiko viliko vya moto, vinavyopikwa ukishaagiza. Kulipa mara nyingi ni mwishoni, kwa hiyo kumbuka ulichokula.

Cha kaunta ninachokipigia debe ni gilda. Tazameni hapa kwa karibu: kijiti kimoja, zeituni, anchovi, yaani samaki mdogo aliyekaa kwenye chumvi kisha akatiwa mafuta ya zeituni, na pilipili ndefu za kijani za Ibarra zilizolowekwa kwenye siki. Hizi haziwashi kama pilipili kichaa. Kazi yake kubwa ni ule uchachu. Vyote viingie kinywani kwa mkupuo mmoja. Ukianza na samaki peke yake utapata chumvi tupu, maana siki ndiyo inayokata chumvi, na mafuta ndiyo yanayotuliza siki. Kabla ya kuagiza mwangalie samaki: awe anang'aa. Kingo zikiwa zimekauka, amekaa hapo muda mrefu. Mwache.

Halafu kuna tortilla ya Bar Nestor. Sisi wa chipsi mayai tunaizoea upesi, ila viazi vyake havikaangwi vikakauka. Huiva taratibu kwenye mafuta mengi ya zeituni, moto mdogo, hadi vilegee, ndipo vikutanishwe na mayai. Katikati hubaki na ute. Haijaharibika, usiirudishe jikoni! Hutoka mara mbili tu kwa siku, saa saba mchana na saa mbili usiku, na vipande havitoshi watu wote. Nenda kama saa nzima kabla uandikishe jina. Ukifika muda wenyewe bila jina, umeikosa.

Uyoga wa baa ya Ganbara nao nauunga mkono. Unakuja na kiini cha yai kibichi juu yake. Kipasue, changanya, chovya mkate. Bei imechangamka, kwa hiyo gaweni watu wawili.

Kwa wasiokula nguruwe, hapa sikilizeni vizuri. Kroketa, vile vidonge vya sosi nzito ya maziwa vilivyokaangwa, nyingi zina jamón ndani, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na kwa nje huwezi kulijua. Uliza: "¿Lleva cerdo?" Tamka yeva serdo, utaeleweka. Carrillera ni nyama ya shavu laini sana, ya ng'ombe au ya nguruwe, kwa hiyo uliza pia, na kwa kawaida hupikwa kwa mvinyo mwekundu. Txakoli pia ni mvinyo, ule mweupe wanaoumimina kutoka juu. Asiyekunywa pombe aagize mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa. Ni kinywaji cha kawaida kwenye baa za huko, hakuna atakayekushangaa.

Kitamu ni keki ya jibini ya baa ya La Viña, mtaa wa 31 de Agosto, unaokumbusha tarehe mji ulipoungua mwaka 1813. Keki haina biskuti chini. Juu imeungua hadi rangi ya kahawia nzito, na ule uchungu kidogo ndio unaozuia sukari isikinaishe. Kipande kimoja kinatosha watu wawili.

Jioni huanza kama saa moja na nusu usiku. Jumapili usiku na Jumatatu baa nyingi nzuri hufungwa, kwa hiyo panga siku zako kuanzia Jumanne.