Mimba ya paka: macho yako au ultrasaundi?

Kumchunguza nyumbani hakugharimu chochote. Mpakate, utenganishe manyoya ya tumboni: kuelekea wiki ya tatu chuchu huvimba na kuwa za waridi iliyokolea. Kwa paka wa mimba ya kwanza huonekana wazi. Kwa aliyekwisha kuzaa, si rahisi hivyo. Tumbo kubwa pekee usiliamini, hata minyoo hulivimbisha. Na tafadhali, usilibonyeze.

Ultrasaundi ya daktari wa mifugo ni ya kulipia, lakini kufikia siku ya 25 hivi huonyesha mioyo ya watoto ikidunda. Idadi yao ndiyo hukosea. Eksirei ya wiki za mwisho huhesabu vizuri zaidi.

Paka wako anakula na kucheza? Subiri, mimba ni takriban siku 65. Akitoka damu au kususa chakula, mpeleke leo.